Kupumzika Katika Jambo Ulipendalo

  

Maneno mliyoyasikia redioni ndiyo haya yaliyoandikwa hapa. Yasomeni pole pole. Anayesoma upesi amngoje mwenzake. Ukifika penye neno gumu, usilirukie. Lisome tena.

Kwanza tutazame maneno manne ya leo.

Hamu: kutaka jambo kwa moyo.
Kukinai: kushiba kitu mpaka hukitaki tena.
Msimu: majira ya mwaka yenye kazi yake.
Ngitili: neno la Kisukuma. Maana yake utaijua mbele.

Haya, tuanze.

MPIGA NGOMA WA KATORO

Tuseme yuko bwana mmoja, mkazi wa Katoro. Kisa chake tumekitunga kwa ajili ya somo, lakini huenda unamfahamu mtu wa namna yake. Bwana huyu hulima mahindi na mihogo, na siku za soko huuza vitu vidogo vidogo. Lakini watu hawamjui kwa mahindi yake. Wanamjua kwa ngoma.

Tangu utoto alipenda ngoma. Alipokuwa akichunga ng'ombe alipiga debe bovu kwa vijiti viwili. Mjomba wake akamwonea huruma, akamtengenezea ngoma ya kweli yenye ngozi. Jioni, kazi ikiisha, aliiwamba vizuri, akapiga. Hakuna aliyemtuma. Hakuna aliyemlipa. Akipiga, uchovu wa jembe ulimtoka.

Baadaye yeye na wenzake waliunda kikundi. Sifa zao zikaenea. Nanyi mnajua Katoro ilivyo. Ni mji wa biashara, kando ya barabara itokayo Geita kuelekea Chato na Biharamulo. Ukivuka kidogo tu uko Buseresere. Wachimbaji wa dhahabu nao hawako mbali, na mtu akipata fedha hutaka sherehe. Basi kikundi kikaitwa kwenye arusi. Kikaitwa kufungua maduka. Wakati wa uchaguzi kikaitwa kwenye mikutano. Jumamosi ikajaa, kisha Jumapili, kisha na siku za kazi. Fedha ikaanza kupokewa kabla ya siku yenyewe, na fedha iliyopokewa ni deni.

Mwaka wa kwanza bwana yule alifurahi. Mwaka wa pili alichoka, lakini hakusema. Mwaka wa tatu alianza kuwakaripia vijana kwa kosa dogo. Wakati mwingine alipiga huku akiwaza saa ya kumaliza. Watu walishangilia, naye hakusikia furaha yo yote.

Jumamosi moja vijana walikuja kumchukua. Mmoja akabisha hodi, akasema: "Shikamoo, mama. Baba yupo? Ngoma zimekwisha kupashwa moto." Bwana yule alikuwa nyuma ya mlango. Akamnong'oneza mkewe: "Mama watoto, waambie nimesafiri."

Vijana walipoondoka, mkewe akamwuliza: "Baba watoto, tangu lini wewe ukajificha ngoma? Unaumwa?"

Akajibu: "Sina homa, mama. Lakini nikiisikia ngoma, moyo wangu unashtuka kama moyo wa mtu anayesikia mwenye deni wake anabisha hodi."

Ndugu msomaji, simama hapo kidogo. Je, mtu huyu amekuwa mvivu? Amelogwa? Ameacha kuipenda ngoma? Wengine watasema aiuze ngoma ile, akatafute jambo jingine. Wengine watasema ajikaze kiume, apige tu. Somo letu la leo ni kuonyesha kwamba iko njia ya tatu.

UCHOVU WA MWILI NA UCHOVU WA MOYO

Kuna uchovu wa namna mbili. Uchovu wa mwili unaujua. Umelima tangu asubuhi, mgongo unauma. Ukila, ukilala usiku mmoja au mbili, nguvu hurudi. Uchovu huu si adui. Ni alama ya kazi.

Uchovu wa pili ni wa moyo. Huu hauondoki kwa kulala usiku mmoja. Mtu anaamka asubuhi, viungo vyake ni vizima, lakini hamu haipo. Jambo alilolikimbilia zamani, sasa analikimbia.

Mwaka 1974 mtaalamu mmoja wa mambo ya nafsi huko New York, Marekani, jina lake Herbert Freudenberger, aliandika habari za uchovu huu. Mchana alikuwa na kazi yake ya kawaida. Baada ya kazi alikwenda kusaidia katika zahanati ya bure. Wengi wa waliosaidia pale walikuja kwa kupenda, si kwa kufuata mshahara. Aliwatazama wenzake, akajitazama na yeye mwenyewe. Akaona kwamba mtu aliyekuja akiwaka kama moto, baada ya muda alikuwa kama nyumba iliyoungua ndani: kuta zimesimama, lakini ndani mna majivu. Aliona pia kwamba watu walio katika hatari zaidi si wavivu. Ni wale wenye moyo sana, wale wasioweza kusema "hapana".

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza alama tatu za uchovu wa namna hii utokanao na kazi. Ya kwanza ni kuishiwa na nguvu. Ya pili ni kuiona kazi kwa mbali, kwa chuki au kwa dharau. Ya tatu ni kujiona hufai, hutimizi lo lote. Shirika lilisema kwamba hali hiyo si ugonjwa kwa yenyewe, na kwamba lilikuwa likinena habari za kazi tu. Lakini jambo la kujifurahisha likigeuka kuwa kazi, je, si litaweza kumchosha mtu kama kazi? Mtazame tena bwana yule wa Katoro. Nguvu zimekwisha. Anawakaripia vijana. Hasikii sifa za watu.

KWA NINI KITU KITAMU KINAKINAISHA?

Labda utauliza: "Mtu alipwe kwa jambo alilolipenda, kisha alichukie? Hiyo si bahati njema?"

Sikiliza jambo hili. Mwaka 1973 wataalamu watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, waliandika habari za majaribio waliyoyafanya kwa watoto wadogo. Walichagua watoto waliopenda kuchora. Kundi moja waliahidiwa zawadi: "Ukichora, utapewa cheti kizuri." Kundi la pili walichora bila ahadi, kisha wakapewa cheti kama hicho kwa ghafula. Kundi la tatu hawakuahidiwa wala hawakupewa kitu. Baada ya wiki moja au mbili, watoto wote walipelekewa tena kalamu za rangi, bila neno la zawadi. Wale walioahidiwa zawadi hapo kwanza sasa walichora kwa muda mfupi kuliko wenzao. Wale waliopewa kwa ghafula hawakupoteza hamu yao.

Maana yake nini? Si kwamba fedha ni mbaya. Mpiga ngoma naye ana watoto wa kulisha na ada za shule. Maana yake ni kwamba moyo hufanya hesabu zake wenyewe. Ukicheza kwa kuwa wapenda, moyo husema: "Huu ni wangu." Ukicheza kwa kuwa umeahidiwa, moyo huanza kusema: "Hii ni kazi ya watu." Na kazi ya watu ina saa yake, ina msimamizi wake, na ina deni lake.

Tena, wanaotuomba mara nyingi ni watu tunaowapenda. Mama mwenye sauti nzuri huombwa kuimba kwaya, kisha kuwafundisha watoto wa kwaya, kisha kuimba kila msiba na kila arusi. Kijana hodari wa mpira huchezea timu ya mtaa, timu ya wachimbaji na timu ya kijiji cha mjomba wake, wiki ile ile moja. Fundi wa kusuka vikapu husuka kwa furaha mpaka jirani wa arobaini aje na kusema: "Nami nisukie kimoja, dada yangu." Hakuna mmoja katika hawa aliyefanya vibaya. Lakini wote pamoja wameumaliza moyo wa mtu.

TUJIFUNZE KWA NGITILI

Sasa tulichukue lile neno la Kisukuma, ngitili. Watu wa Shinyanga na nchi za jirani wanalijua tangu zamani.

Ngitili ni sehemu ya malisho iliyofungwa. Mvua zinapoanza, mwenye ngitili haruhusu mifugo kuingia humo. Majani yanaota, yanarefuka, miti nayo inachipua. Ng'ombe wanalishwa mahali pengine. Kiangazi kikishika, nchi ikikauka, ndipo ngitili inapofunguliwa. Haifunguliwi yote kwa siku moja. Wanafungua upande mmoja, kisha upande mwingine. Majani hayo huwasaidia ndama, ng'ombe wagonjwa, na maksai wa kulimia, wasife kwa njaa kabla ya mvua.

Angalieni sana mambo matatu. Ngitili ina mwenyewe: mtu, jamaa au kijiji. Ina mpaka unaojulikana. Na ina wakati wa kufungwa na wakati wa kufunguliwa. Kwa hiyo ngitili si shamba lililotupwa. Mgeni akipita wakati wa mvua ataona majani marefu bila ng'ombe, huenda akafikiri wenyewe wamehama. Hawakuhama. Wanangoja.

Nini kilitokea watu walipoacha kungoja? Katika karne ya 20 miti mingi ya Shinyanga ilikatwa. Mapori yalifyekwa ili kuwafukuza mbung'o. Mashamba ya pamba yaliongezeka, na mifugo ikawa mingi. Miaka ya 1970 watu walipohamishiwa katika vijiji vipya, wengi waliziacha mbali ngitili zao. Mahali pengi pakabaki udongo mtupu, hata watu wakaanza kuuita mkoa ule Jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao watu waliuita HASHI. Mradi huo ulidumu mpaka mwaka 2004. Mwanzoni watu walidhani dawa ni kupanda miti mipya. Baadaye ilionekana kwamba dawa iliyofaa zaidi wanakijiji wenyewe walikuwa wakiijua: ngitili. Mahali pengi hawakupanda kitu. Walifunga tu. Chini ya ardhi mizizi ya miti ya zamani ilikuwa ingali hai, nayo ikachipua. Mpaka miaka ya mwanzo ya 2000, ngitili zilizorudishwa zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800.

Ndugu msomaji, moyo wa mtu aliyechoka ni kama malisho yaliyoliwa mpaka chini. Ukitazama juu, huoni jani. Usiseme, "Mapenzi yangu yamekufa." Huenda mzizi uko hai. Lakini hautachipua kama kila siku ng'ombe wanapita juu yake.

WAZEE WA NGOMA WALIKUWA NA MSIMU

Pengine mpiga ngoma atasema: "Malisho ni malisho. Ngoma yangu haina majira." Basi na awaulize wazee.

Wasukuma wana vyama viwili vikubwa vya ngoma vinavyoshindana, Bagika na Bagalu. Masimulizi yanasema vilianzishwa katika karne ya 19 na watu wawili, Ngika na Gumha, waliokuwa mafundi wa ngoma na wa dawa. Katika mashindano, pande mbili hucheza wakati mmoja, kila upande mahali pake. Anayeshinda ni yule aliyevuta watu wengi. Ni mashindano makali, maana mtazamaji anaweza kuondoka huku akaenda kule wakati wo wote.

Lakini mashindano hayo yalikuwa na wakati wake. Yalifanywa baada ya mavuno, wakati wa kiangazi, chakula kikiwa ghalani. Hata leo sikukuu ya Bulabo huko Bujora, karibu na Mwanza, husherehekewa mwezi wa 6. Mvua zikianza, watu hushika jembe.

Je, ngoma ilinyamaza kabisa wakati wa mvua? La. Iko ngoma ya jembe, iitwayo bugobogobo. Vikundi vya wakulima walilima pamoja huku ngoma ikilia, ili mikono iende sawa na kazi iwe nyepesi. Katika shamba ngoma haimtafuti mshindi. Inawasaidia watu kulima tu. Basi wazee walijua kwamba ngoma ya mashindano hupumzika, na ngoma ya kawaida hubaki.

Na ngoma yenyewe inatufundisha. Ngozi ikilegea hupashwa moto ili ikaze, itoe sauti nzuri. Lakini ngozi inayoachwa motoni mchana kutwa hupasuka.

JE, MTU MASHUHURI ANAWEZA KUPUMZIKA?

Sasa utasema: "Mtu wa kawaida apumzike. Lakini mwenye jina kubwa akipumzika, atasahauliwa."

Tuvuke bahari, tumtazame dada mmoja wa Marekani, Simone Biles. Mchezo wake ni wa viungo: kuruka, kupinduka hewani, na kusimama tena kwa miguu. Katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2016 huko Rio de Janeiro alipata medali nne za dhahabu. Mwaka 2021 huko Tokyo watu wote walimtazamia ashinde tena. Lakini hewani akaanza kupotewa. Hakujua chini ni wapi na juu ni wapi. Katika mchezo ule, jambo hilo laweza kumvunja mtu shingo. Akajitoa katika mashindano ya timu, mbele ya macho ya dunia nzima. Wengine walimlaumu, wengine walimsifu.

Baada ya Tokyo alipumzika karibu miaka miwili bila kushindana. Alirudi mwezi wa 8 mwaka 2023. Mwaka 2024 huko Paris alipata medali tatu za dhahabu na moja ya fedha.

Hatusemi kwamba kila anayepumzika atarudi na dhahabu. Wako wanaopumzika wasirudi, nao si watu wabaya. Tunasema hivi tu: kupumzika hakukumwondolea ufundi wake.

NAMNA YA KUPUMZIKA VEMA

Ukiona alama za uchovu wa moyo, fanya kama afanyavyo mwenye ngitili.

1. Weka mpaka. Sema wazi unapumzika katika nini. Je, ni ngoma yote, au ni ngoma za kulipwa tu? Je, ni kuimba, au ni kuwafundisha wengine kuimba? Mara nyingi kinachochosha si jambo lenyewe, bali mzigo uliofungwa juu yake.

2. Weka wakati. Sema, "Mpaka mavuno," au "Miezi mitatu." Mtu asiyeweka wakati hujiona mtoro kila siku, na mtu anayejiona mtoro hapumziki.

3. Waambie wenzako. Kwa Wasukuma, mambo ya ngitili yalizungumzwa katika mkutano wa watu, uitwao dagashida, na kila mtu alijua sheria. Nawe usijifiche nyuma ya mlango. Sema kweli mapema. Kama mmepokea fedha ya watu, timizeni ahadi hiyo au rudisheni fedha, kisha msipokee nyingine. Kupumzika juu ya deni ni kulala juu ya siafu.

4. Mkabidhi mwingine. Yuko kijana anayengoja nafasi. Mpe ngoma ya mbele. Atakosea, naye atajifunza. Usisimame karibu naye ukimsahihisha, maana huko si kupumzika.

5. Usiuze vyombo. Mtu aliyechoka asifanye biashara ya haraka. Itundike ngoma mahali pakavu, panya wasiifikie. Chombo kikikaa salama, uamuzi nao unaweza kukaa.

6. Usiijaze nafasi upesi. Ukitoka katika kikundi cha ngoma leo, kesho usikubali kuwa katibu wa timu ya mpira. Kaa na watoto. Lala. Tembelea ndugu. Siku za kwanza utajiona mpweke, hata mwenye hatia. Vumilia.

7. Fungua kidogo kidogo. Hamu ikirudi, usiingize ng'ombe wote. Piga jioni moja nyumbani, bila watazamaji. Ukiona raha, piga tena. Kisha rudi kwa wenzako na sharti lako: siku fulani napiga, siku fulani sipigi.

Na kama wakati uliouweka umefika na hamu haijarudi? Ongeza msimu mmoja. Hata baada ya hapo, ukiona kwa utulivu kwamba safari yako na jambo hilo imekwisha, liage kwa heshima. Kuacha baada ya kupumzika na kufikiri ni tofauti na kutupa kwa hasira.

ANGALIA: PENGINE NI UGONJWA

Hapa tunaomba msome kwa makini. Uchovu tuliousema humtoa mtu hamu ya jambo moja. Lakini kama mtu amekosa hamu ya mambo yote, chakula hakimpendezi, usingizi hauji au unazidi, huzuni haimtoki, na hali hiyo inadumu wiki mbili au zaidi, huenda huo ni ugonjwa wa sonona. Una matibabu. Na aende zahanati au hospitali, aseme kila kitu. Akisema hataki kuishi, msimwache peke yake hata kidogo. Mpelekeni siku ile ile. Wala msimcheke na kusema ana mawazo tu.

MWISHO WA KISA

Sasa turudi Katoro. Bwana yule aliwaita wenzake, akawaambia kweli. Mmoja alikasirika: "Ngosha, unatuacha? Wapinzani wetu watatucheka." Naye akajibu: "Watacheka, ndugu yangu. Lakini nikiendelea hivi, nitaichukia ngoma na ninyi pamoja nayo." Walikuwa na arusi mbili walizokwisha kupokea fedha. Moja waliitimiza, ya pili wakarudisha fedha, na kurudisha kuliwauma. Ngoma kubwa akakabidhiwa kijana. Ile ndogo ya mjomba aliitundika darini.

Wapinzani walicheka kweli. Mwezi wa kwanza bwana yule hakujua afanye nini na Jumamosi zake. Mwezi wa pili alianza kulala vizuri. Mvua zikaja, majirani wakakusanyika kulima shamba la mjane mmoja, na yule kijana akawapigia ngoma. Kijana alikosea mapigo, jembe moja likatangulia, lingine likachelewa. Watu wakacheka.

Bwana yule alikuwa katika mstari, ameinama. Ghafula akaona vidole vyake vinagonga mpini wa jembe, vikiyapiga yale mapigo kwa usahihi. Hakuna aliyemtuma. Hakuna aliyemlipa. Akatabasamu peke yake.

Lakini hakukimbilia ngoma. Alimaliza mstari wake kwanza.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Uchovu wa mwili na uchovu wa moyo hutofautianaje?
2. Kwa nini mgeni anaweza kudhani ngitili ni mahali palipotupwa?
3. Bwana yule alipojificha nyuma ya mlango, je, alikuwa anapumzika? Toa sababu.
4. Je, ilikuwa haki wenzake kukasirika? Zungumzeni pande zote mbili.
5. Katika mtaa wenu, ni nani anayeombwa kila siku bila kupumzishwa? Mnaweza kumsaidiaje?

Zoezi la kuandika: Andika mistari mitatu. Wa kwanza, jambo unalolipenda. Wa pili, mzigo uliofungwa juu ya jambo hilo. Wa tatu, mpaka unaoweza kuuweka.

Neno la mwisho, ndugu zangu. Asije mtu kesho akamwambia mwalimu wake kwamba redio imempa ruhusa ya kuacha darasa! Lakini kama kweli umechoka, usitoroke. Njoo, sema, weka siku ya kurudi. Kiti chako tutakitunza.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.